Umekuta Mabaki ya Mnyama Usiyemjua Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaoishi karibu na misitu na mbuga. Wakulima, wachungaji, warina asali, wakata mbao, walimu na wanafunzi wao ndio wanaotangulia kukuta mzoga, fuvu au mfupa kabla mtaalamu yeyote hajapata habari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiletewa mabaki ya namna hiyo, au picha zake, na jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kwamba mahali mabaki yalipokutwa ni nusu ya jibu. Fuvu linalonifikia ndani ya kiroba, bila jina la kijiji wala la mto, limekwisha kupoteza habari ambazo hakuna maabara inayoweza kuzirudisha.

Nimekuta mzoga wa mnyama nisiyemtambua. Nianze na nini?

Simama hatua kadhaa kutoka kwenye mzoga na utazame mazingira kabla ya kumtazama mnyama. Usiuguse kwa mikono mitupu, usiugeuze kwa mguu, na uwazuie mbwa na watoto wasiukaribie. Kama uko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha au bonde la Usangu na mzoga bado ni mbichi, ondoka kwanza, kwa maana simba au fisi aliyeuacha huenda amelala kichakani akingoja jua lipungue.

Ukiwa salama, andika tarehe, saa, jina la kijiji na kitongoji, jina la mto au mlima ulio karibu, na aina ya mahali penyewe: shamba la mahindi, msitu mnene, ukingo wa mto, uwanda wa nyasi. Simu nyingi zina ramani inayoonyesha namba za mahali ulipo, nazo pia ziandikwe. Angalia kama kuna mizoga mingine, nyayo, damu, waya wa mtego au ganda la risasi. Ukiona waya uliofungwa mtini, usiufungue wala usikae hapo muda mrefu, bali toa taarifa, kwani aliyeutega anaweza kurudi wakati wowote.

Picha gani zinamsaidia mtaalamu?

Picha moja ya kichwa haitoshi, hata ikiwa nzuri namna gani. Weka kiberiti au kalamu kando ya mabaki ili ukubwa ujulikane, kisha piga picha ya mwili mzima kutoka ubavuni, ya kichwa kutoka mbele na kutoka upande, ya meno, ya mkia, na ya miguu yote minne ikionyesha nyayo. Picha ya mwisho ipigwe kutoka mbali ili mahali penyewe paonekane.

Miguu ndiyo ambayo watu husahau mara nyingi, ilhali huweza kumaliza ubishi kwa dakika moja. Mbwa wa kijijini ana kidole cha tano kilichopanda juu kidogo katika mguu wa mbele, lakini mbwa mwitu ana vidole vinne tu katika kila mguu. Muhanga ana vidole vinne mbele na vitano nyuma, vyenye kucha nene kama majembe. Mzoga ulioharibika uso mzima unaweza kutambuliwa kwa mguu mmoja uliobaki.

Mnyama niliyemkuta hana manyoya, ngozi yake ni ya kijivu na meno yametokeza. Ni kiumbe gani huyu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu ni mnyama wa kawaida aliyebadilishwa na kifo. Mwili unapoanza kuoza, tabaka la juu la ngozi huachana na la chini, na manyoya hutoka pamoja nalo kwa mafungu. Mwili uliolala majini hunyonyoka haraka zaidi, ukabaki uchi, laini na wenye rangi ya majivu. Hewa inayotokana na kuoza hulijaza tumbo, hulivimbisha shingo na kuutoa ulimi nje. Midomo hukauka na kurudi nyuma, meno yakabaki wazi, na ndiyo maana karibu kila mzoga huonekana kana kwamba alikufa akiwa na hasira. Macho huliwa mapema na ndege na wadudu. Mtu aliyemwona mnyama huyo maisha yake yote akiwa hai anaweza kupita kando yake asimtambue.

Wakati mmoja nilipokea picha iliyopigwa ukingoni mwa Mto Kiwira baada ya mvua kubwa. Ilionyesha mwili mrefu usio na unywele hata mmoja, kichwa bapa, na mikono yenye vidole vitano visivyo na kucha, vilivyokunjwa kama vya mtu aliyeshika kitu. Watu waliokuwapo walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba si mnyama wa dunia hii. Niliomba picha ya miguu ya nyuma na ya meno, nikaletewa siku hiyo hiyo: utando ulikuwa katikati ya vidole vya nyuma, kucha ndogo zilikuwa kwenye baadhi ya vidole hivyo, magego yalikuwa mapana ya kuvunjia magamba ya kaa, na mkia ulikuwa mnene mahali ulipoungana na mwili. Alikuwa fisi maji, wa aina ile isiyo na kucha mikononi, ambayo hutafuta kaa kwa kupapasa chini ya mawe kwa vidole vyake.

Baridi na ukame nazo zina sehemu yao. Katika uwanda wa Kitulo, ulio juu kwa takribani mita 2,600, mzoga huoza polepole, hasa Juni na Julai, kwa hiyo mnyama anayeonekana amekufa jana anaweza kuwa amekaa hapo siku nyingi. Kule Usangu wakati wa kiangazi mwili mdogo unaweza kukauka mzima, ngozi ikakaza juu ya mifupa kama ya ngoma, na umbo la asili likapotea kabisa.

Nimepata fuvu tu, halina ngozi wala nyama. Nitalitambuaje?

Anza na meno, kwa sababu meno husema mnyama alikula nini. Tazama taya la juu, mbele kabisa. Kama hapana meno ya mbele juu lakini kuna magego mapana nyuma, huyo ni mcheuaji: ng'ombe, mbuzi, nyati, swala, tandala, pofu au pongo. Fuvu refu linalofanana na la ng'ombe lakini lina meno ya mbele juu na chini ni la punda au la punda milia. Mla nyama ana meno manne marefu ya chonge, na magego yake yana makali yanayopishana kama mkasi. Panya, kuchakulo na nungunungu wana jozi moja ya meno marefu mbele katika kila taya, mara nyingi yenye rangi ya manjano au ya chungwa upande wa mbele, kisha pengo refu kabla ya magego. Sungura anafanana nao, isipokuwa kwamba nyuma ya jozi yake ya juu pamejificha vijino vingine viwili vidogo.

Baadhi ya mafuvu huwashangaza hata watu waliozoea pori. Pimbi na perere wana meno mawili ya juu yaliyochongoka kama pembe ndogo, yasiyoacha kukua, na mtu hudhani ni mnyama mkali ilhali anakula majani. Mafuvu yao hukutwa mara kwa mara chini ya miti mirefu ambamo tai wa msituni wamejenga viota. Muhanga ana fuvu refu jembamba lisilo na meno ya mbele, na magego yake ni kama vigingi visivyo na ile ngozi ngumu inayong'aa ya meno ya wanyama wengine. Kakakuona hana jino hata moja. Fuvu la ndovu lina tundu kubwa katikati ya uso, ambalo si jicho bali ni njia ya pua inayoingia kwenye mkonga.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Rungwe aliniletea fuvu ambalo wanafunzi waliliokota chini ya mparachichi na ambalo watu wazima walikataa kulishika. Lilienea vizuri katika kiganja. Matundu ya macho yalikuwa makubwa mno kwa uso ule mdogo, kila moja likizungukwa na mfupa mwembamba kama fremu ya miwani, na hayo ndiyo yaliyowatia watu hofu. Nililigeuza taya la chini na kulisogeza dirishani. Meno sita ya mbele, membamba sana, yalikuwa yamelala kuelekea mbele na kubanana kama meno ya kitana, na katikati yake palikuwa pamenasa unywele mmoja. Kitana hicho ni cha komba, anayekitumia kuchana manyoya yake na kukwangua utomvu wa miti. Ni yule yule anayelia usiku kama mtoto. Wanafunzi walipoambiwa walicheka kwa furaha, na wengine walisema wanaujua mti anamolala.

Kuhusu pembe, hatuna wanyama wa asili wenye pembe za matawi katika nchi yetu. Pembe za swala na ng'ombe zina ganda la nje na kiini cha mfupa ndani, na baada ya muda ganda hilo huchomoka. Ndiyo maana watu huokota kitu kirefu chenye vitundu vidogo vidogo, wasijue kwamba ni kiini cha mfupa cha pembe ya tandala.

Nimeona mkono unaofanana kabisa na wa mtoto. Nifanye nini?

Mkono wa nyani au wa kima ulionyonyoka unafanana sana na wa mtoto, na mara nyingi ndivyo unavyokuwa. Hata hivyo sikushauri uamue mwenyewe. Usisogeze chochote, acha mtu alinde mahali hapo kwa mbali, na mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ili polisi waitwe. Ikibainika kuwa ni nyani, hakuna atakayekulaumu.

Chini ya mti kuna madonge ya manyoya yenye vifupa vidogo ndani. Ni kinyesi cha nani?

Si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa ambayo tumbo lake halikuweza kuyeyusha. Madonge hayo yakichambuliwa kwa kijiti, hutoa mafuvu kamili ya panya na virukanjia, na mwalimu wa sayansi anayeyapata amepata somo zima bila gharama. Kinyesi cheupe kama chokaa ni kitu kingine: hicho ni cha fisi, na weupe wake unatokana na mifupa aliyoila.

Je, mabaki yanaweza kuniambukiza ugonjwa?

Ndiyo, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Kimeta huua ng'ombe, mbuzi, nyati, swala na wengine wengi, na huua watu pia. Mnyama aliyekufa ghafla akiwa na mwili mnono, anayevimba haraka, asiyekakamaa, na anayetoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, achukuliwe kuwa amekufa kwa kimeta mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Usimpasue wala usimchune. Damu yenye vijidudu ikikutana na hewa, vijidudu hivyo hujivika ganda gumu na kukaa udongoni kwa miongo kadhaa, vikingoja ng'ombe wa wajukuu zako waje kulisha hapo. Mtu anayesema kwamba nyama ikichemshwa sana haina shida anamsahau yule aliyeichuna na kuibeba begani.

Mbwa, mbweha na nguchiro huweza kufa kwa kichaa cha mbwa. Ikiwa mate ya mnyama huyo yamekugusa kwenye jeraha, au alikuuma kabla ya kufa, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje dalili, kwa kuwa zikishaanza ugonjwa huo hauna tiba.

Wafugaji wa nguruwe wana sababu yao ya ziada ya kutobeba mabaki kwenda nayo nyumbani. Ngiri na nguruwe mwitu huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe bila wenyewe kuugua. Homa hiyo haimpati binadamu, lakini huweza kumaliza banda zima.

Ukikuta ndege walao mizoga wengi wamekufa kando ya mzoga mmoja, fikiria sumu kwanza. Watu huweka sumu kwenye nyama ili waue simba au fisi aliyekula ng'ombe wao, nayo huwaua ndege hao kwa makumi, pamoja na mbwa wa wachungaji. Hapo usiguse chochote kabisa, na taarifa itolewe haraka, maana mzoga huo huendelea kuua siku baada ya siku.

Naweza kuchukua jino, pembe au magamba kama kumbukumbu?

Hapana. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, sehemu za mnyamapori, yaani jino, pembe, ngozi, mfupa, kucha na hata yai, ni nyara za Serikali, na kukaa nazo bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Haijalishi kama mnyama alikufa mwenyewe. Nawaonea huruma watu waliokutwa na magamba ya kakakuona au kipande cha pembe ya ndovu ndani ya nyumba, wakajitetea kwamba waliokota tu. Picha huipata habari yote unayohitaji, na haimpeleki mtu mahakamani.

Mfupa nilioukuta ni mzito na mgumu kama jiwe. Ni wa nini?

Huenda ni jiwe kweli, yaani mfupa wa kale ambao madini yamechukua nafasi ya sehemu zake za asili. Huwa mzito kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa huo huo, mara nyingi una rangi ya udongo unaouzunguka, na hutokeza kwenye makorongo mvua inapomomonyoa kingo. Isimila, takribani kilomita 20 kutoka mjini Iringa kando ya barabara ya Mbeya, inajulikana kwa zana za mawe, lakini mabaki ya viboko wa zamani nayo yamepatikana huko.

Ukanda wa Ziwa Rukwa, upande wa Songwe na Mbeya, umetoa mambo makubwa zaidi. Mnyama wa jamii ya mamba aliyelingana na paka na mwenye magego yanayofanana na ya mamalia alitangazwa mwaka 2010, akaitwa Pakasuchus, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno letu. Dinosaria Shingopana alitangazwa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka, aliyepatikana kando ya Mto Mtuka, mwaka 2019. Mwaka 2013 yalitangazwa mabaki ya Rukwapithecus, ya kale zaidi kujulikana ya jamii ya masokwe, yenye umri wa takribani miaka milioni 25; na yote yaliyopatikana ni kipande cha taya chenye meno machache.

Kwa hiyo usiuchimbe mfupa wa namna hiyo. Tabaka la mwamba ulimolala ndilo linaloonyesha umri wake, na likivurugwa umri huo hauwezi kujulikana tena. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga picha, weka alama ya mahali, na umwarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Je, inawezekana nimekuta mnyama asiyejulikana na sayansi?

Mara chache sana, lakini katika nyanda hizi nisingethubutu kusema haiwezekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wawindaji wa Kinyakyusa waliwasimulia watafiti juu ya mnyama mwenye haya anayeitwa kipunji, na kwa kuwa masimulizi ya misitu ya Rungwe yana wanyama wa kweli na wa hadithi, haikuwa wazi kama yupo. Kumbe alikuwa kima: alionekana kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003, baadaye akapatikana pia katika milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kwa kutumia picha, bila mwili. Mwaka huo huo mtego wa mkulima katika shamba la mahindi kando ya Rungwe ulimuua dume mdogo. Mzoga huo mmoja, ambao ungeweza kutupwa kwa mbwa, ndio uliowezesha mifupa na vinasaba kuchunguzwa. Mwaka 2006 wanasayansi, miongoni mwao Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, walimpa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la wanyama wa karibu, wakaliita Rungwecebus. Haikuwa imepatikana jenasi mpya ya nyani na kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wamebaki kipunji 1,117.

Kwale wa Udzungwa naye alianza kujulikana kwa mabaki. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya chungu cha chakula, kambini kwao, miguu miwili ya ndege wasiyemfahamu. Ndege mwenyewe alitafutwa, akapatikana, na ndugu zake wa karibu walibainika kuwa ni kwale wa Asia. Tena katika msitu wa Ndundulu, mkoani Iringa, alipatikana sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote waliojulikana, akatangazwa mwaka 2008.

Ninachojifunza katika habari hizi ni kwamba jina la kienyeji lisidharauliwe. Ukileta taarifa, andika pia mnyama huyo anaitwaje kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kisangu, na wazee wanasema anaishi wapi.

Kijijini wanasema mabaki haya yametumwa na mchawi. Niwajibuje?

Usiwacheke. Mtu aliyeona mwili uchi wenye mikono kama ya binadamu ana haki ya kuogopa. Waonyeshe meno na miguu, linganisha na mnyama wanayemfahamu, na umwombe mzee aliyewahi kuwinda aseme anachokiona, kwa kuwa neno lake litasikilizwa kuliko langu. Jambo moja usilikubali hata kidogo: jina la jirani lisitajwe. Tuhuma za namna hiyo zimewagharimu wazee maisha yao katika nchi hii, na mzoga wa fisi maji hauna thamani ya bibi wa mtu.

Taarifa nimpelekee nani, na jibu hupatikanaje?

Njia fupi ni mtendaji wa kijiji, kisha afisa wanyamapori wa halmashauri, au afisa mifugo ikiwa unashuku ugonjwa. Ndani ya hifadhi ya taifa, waarifu askari wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Katika pori la akiba, TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Katika msitu wa hifadhi kama ule wa Mlima Rungwe, ofisi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Sampuli za magonjwa huweza kupelekwa kwenye kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari) kilichopo Iringa, na maswali ya utambuzi yanaweza kufika TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), Arusha, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Mafuvu mengi hutambuliwa kwa kulinganishwa na yaliyohifadhiwa, bila mashine yoyote. Kipimo cha vinasaba hutumika pale umbo linaposhindwa kutoa jibu, na sampuli yake ichukuliwe na mwenye kibali: kipande kidogo cha nyama ndani ya spiriti kali, au manyoya makavu katika bahasha ya karatasi. Manyoya yasiwekwe kwenye plastiki, maana huvunda.

Tulikwisha kumzika mnyama huyo. Tumfukue?

Kama alikuwa na dalili za kimeta au za sumu, hapana, na mahali hapo pawekewe uzio wa miiba ili mifugo isilishe juu yake hadi afisa mifugo afike. Kama hapakuwa na dalili hizo, weka jiwe kubwa juu ya kaburi, andika tarehe ya kumzika na jina la shamba, na uwaambie wanaohusika. Wadudu na udongo wataifanya kazi ya kusafisha mifupa vizuri kuliko kisu. Afisa wanyamapori akija baada ya miezi kadhaa atalikuta fuvu likiwa safi, meno yakiwa mahali pake, na daftari lako likimwambia lilitoka wapi.